Nani aliyeiua mashine ya kukata nyasi?

Mvua ya masika ikishanyesha kwa wiki mbili hapa Nairobi, hakuna mtaa unaopitisha Jumamosi asubuhi bila kusikia ngurumo za mashine za kukata nyasi. Kuanzia Lang'ata hadi Lavington, kutoka South B hadi Runda, nyasi huwa zimefika magotini na kila mwenye kiwanja mbele ya nyumba hutafuta mtu wa kuzikata kabla mbu na nyoka hawajazifanya makao.

Na ni wakati uo huo ambapo mashine nyingi hufa.

Hufa ghafla. Sasa hivi inanguruma, punde si punde unasikika mgongano wa chuma kwa chuma, moshi unatoka, halafu kimya. Anayeisukuma huivuta kamba ya kuwashia mara moja, mara mbili, lakini wapi! Kamba haivutiki tena, kwani injini imekwama.

Yanayofuata hapo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu wiki hii. Mashine ikishakufa hutafutwa muuaji, na aghalabu muuaji hupatikana haraka: ni yule kijana aliyekuwa ameishika.

Katika mtaa mmoja ninaoujua, wakaazi walichanga pesa wakanunua mashine mpya na kumwajiri kijana aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na anatafuta karo ya chuo. Alilipwa kwa siku, na siku ambazo mtaa haukuwa na kazi aliruhusiwa kwenda na mashine hiyo mitaa ya jirani, mapato wagawane na kamati. Miezi minane baadaye, mashine ilinyamaza katikati ya kiwanja cha watoto.

Kamati ikaketi. Mweka-hazina, mama mmoja mwenye heshima zake, akamtaka kijana aeleze alikuwa ameifanya nini mashine ya watu.

"Mama, mimi nilikuwa natia petroli tu kama nilivyoonyeshwa," kijana akajibu.

Jibu hilo halikumsaidia. Iliamuliwa kwamba atakatwa ujira wake kidogo kidogo hadi bei ya injini itimie. Alikuwa amekatwa wiki tatu wakati fundi mmoja wa Kirinyaga Road alipoifungua ile injini na kuwaita wanakamati waje wajionee. Ndani mlikuwa na oili ya kujaza kikombe kidogo cha kahawa, nyeusi na nzito kama lami. Konrodi, kile chuma kinachounganisha pistoni na shafti, kilikuwa kimekatika vipande viwili na kipande kimoja kikatoboa ubavu wa injini.

Kijitabu cha maagizo kilipatikana baadaye katika droo ya mweka-hazina, kingali ndani ya mfuko wake wa plastiki. Ukurasa wa kubadilisha oili ulikuwemo, na picha zake.

Kijana alirudishiwa pesa zake baada ya vikao viwili vya kelele. Wako wanakamati ambao hadi leo wanaona alipendelewa. Mimi naona alicheleweshewa haki yake. Anayemkabidhi mwenzake injini bila ya kumpa pesa za oili, na bila ya kumwambia oili hubadilishwa lini, amemkabidhi chombo ambacho siku zake tayari zinahesabika. Oili ni gharama ya mwenye mashine, kama vile dawa ya kupe ilivyo gharama ya mwenye ng'ombe wala si ya mchungaji.

Hata hivyo, kulaumiana hakuponyi injini. Tuone basi ni kwa nini oili hii, ambayo haizidi ujazo wa chupa moja ya soda, ina uwezo wa kumwachisha mtu kazi.

Wenye magari ndio wanaopata taabu zaidi kulielewa jambo hili. Bwana mwenye gari atakuambia kwamba lake huenda kilomita elfu tano kabla ya kupelekwa gereji, sasa itakuwaje kijimashine cha kusukuma kidai oili kila mara? Mwambie afungue boneti aangalie. Injini ya gari ina pampu inayosukuma oili hadi kila pembe, na ina kichujio kinachonasa uchafu. Ina lita nne au tano za oili ya kugawana kazi hiyo, na ina maji ya rejeta ya kuipoza.

Mashine nyingi za nyumbani za kukata nyasi hazina hata kimoja kati ya hivyo. Hazina pampu. Hazina kichujio cha oili. Oili yenyewe ni kati ya mililita 400 na 600, nayo hukaa chini ya injini kama maji katika karai. Ndani yake mna kijiko kidogo au gurudumu lenye mapezi ambalo huchota ile oili na kuirusha huku na huku, ikatapakaa juu ya vyuma vinavyosuguana. Hiyo ndiyo njia yote ya kulainisha. Oili ikipungua, kijiko kinachota hewa. Oili ikichafuka, kijiko kinarusha uchafu ule ule juu ya chuma kile kile, kwa sababu hakuna kitu cha kuuzuia. Njia pekee ya kuutoa uchafu ndani ya injini ya namna hii ni kuimwaga oili yote na kutia nyingine.

Mwanafunzi aliye karibu na achukue karatasi tupige hesabu. Injini ya mashine hii huzunguka takriban mara 3,000 kwa dakika, na huzunguka hivyo muda wote wa kazi, kwani haijui kusimama kwenye taa za barabarani. Kwa saa moja ni mizunguko 180,000. Kwa saa 50 ni mizunguko milioni tisa. Sasa chukua gari linalokwenda kwa mwendo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa; katika saa hizo hizo 50 litakuwa limekwenda kilomita 3,000. Kwa hivyo mashine inayodai oili baada ya saa 50 haidai makuu. Inafanya safari ya Nairobi hadi Mombasa mara sita, katika vumbi, ikipozwa na upepo tu.

Saa 50 ndizo zinazotajwa na vitabu vingi vya mashine hizi, ingawa vingine huongeza kwamba hata kama saa hizo hazijatimia, oili isipitishe miezi sita au mwaka. Palipo na joto kali, vumbi jingi au nyasi nzito, baadhi ya vitabu hupunguza na kusema saa 25. Na mashine mpya kabisa hubadilishwa oili yake ya kwanza baada ya saa tano tu. Usishangae. Vyuma vipya vinapoanza kusuguana huachilia vumbi laini la chuma, na vumbi hilo halifai kuachwa humo.

Hapa ndipo ninapotaka kila mwenye mashine atulie kidogo. Familia yenye kiwanja kidogo, inayokata nyasi dakika 45 kila wiki mbili, haifikishi hata saa 20 kwa mwaka. Hiyo ibadilishe oili mara moja kwa mwaka, labda mwezi wa pili kabla ya masika, na itakuwa imefanya wajibu wake. Lakini kijana anayekata nyasi kama kazi, saa sita kwa siku na siku tano kwa wiki, anatimiza saa 30 kwa wiki moja. Saa zake 50 huisha kabla ya wiki mbili kwisha! Kwa hivyo mashine ya kibarua inahitaji oili mpya mara mbili kwa mwezi wakati wa mvua, na yule aliyekaa miezi minane alikuwa ameikosa zaidi ya mara kumi na mbili.

Ukisikia hivyo utashtuka kwamba ni gharama kubwa. La hasha. Katika saa hizo 50 mashine itakuwa imekunywa petroli zaidi ya lita 30. Nusu lita ya oili kando ya petroli hiyo ni kitu gani? Mtu anayekubaliana na kibarua wake bei ya kazi na aitoe pesa ya oili kwanza, kabla ya kugawana mapato, kama vile matatu inavyotolewa pesa ya mafuta kabla ya dereva na mwenye gari kuhesabiana.

Saa nazo huandikwa. Daftari la kurasa 32 linatosha, lifungwe kwa kamba stoo, na kila jioni kijana aandike tarehe na saa alizofanya kazi. Asiye na daftari na aandike kwa chaki ukutani. Siku ya ugomvi, daftari hilo litasema nani alikumbushwa na akakataa kutoa pesa.

Kabla hujashika spana, hakikisha kwanza kwamba mashine yako ni ya aina inayobadilishwa oili. Injini ni za aina mbili. Zipo ambazo petroli ina tangi lake na oili ina shimo lake lenye kifuniko na kijiti cha kupimia. Hizo ndizo ninazozungumzia. Na zipo ambazo zina tangi moja tu, oili ikichanganywa na petroli humo humo. Mashine za kubebwa begani ambazo vijana wengi hutumia kando ya barabara aghalabu ni za aina hii ya pili, ingawa si zote. Hizo hazina oili ya kumwagwa, na atakayetia petroli tupu ndani yake ataiua injini siku hiyo hiyo. Mchanganyo hufuata kitabu chake: pale kinaposema 50 kwa 1, ni mililita 20 za oili katika lita moja ya petroli, pale kinaposema 25 kwa 1, ni mililita 40. Na oili yake ni ya aina yake maalum, haifai kutiwa katika zile nyingine. Kuhusu zile za betri na za stima ambazo sasa zinauzwa madukani, wenyewe hawana haja ya kusoma makala haya, waendelee na chai yao.

Mwingereza Edwin Budding naye hakuwa na taabu hii. Ndiye aliyepata hataza ya mashine ya kwanza ya kukata nyasi mwaka 1830, huko Gloucestershire, baada ya kuona mashine ya kiwandani iliyokuwa ikipunguza manyoya juu ya nguo za sufu. Yake ilisukumwa kwa nguvu za mkono, na oili yake ilikuwa ya matone tu kwenye magurudumu ya meno. Mambo ya injini za petroli yalikuja mwanzoni mwa karne ya 20.

Sasa oili gani? Kitabu chako ndicho hakimu, lakini utakuta vingi vinataja SAE 30 au 10W-30. Herufi hizo tatu ni za chama cha wahandisi wa magari kilichoanzishwa Marekani mwaka 1905, na nambari inaeleza uzito wa oili. Ile yenye nambari moja, 30, ina uzito ufaao injini inapokuwa moto. Ile yenye nambari mbili imetengenezwa ili asubuhi ya baridi iwe nyepesi, ndiyo maana ya 10 na ile W, kisha injini ikipata moto isiwe nyepesi kupita 30. Wa Nyali na Kisauni, ambako joto haliishi, watafaidika zaidi na SAE 30, kwani hiyo nyingine huelekea kupungua haraka kidogo katika joto. Wa Limuru wanaowasha mashine kukiwa na ukungu wa mwezi wa saba wanaweza kuchukua 10W-30 bila wasiwasi. Oili ya giaboksi usiitie. Mafuta ya kupikia pia usiyatie, na naandika hivi kwa sababu wapo waliojaribu.

Ununuapo chupa, kagua kifuniko kama kingali kimefungwa sawasawa na alama yake ya plastiki haijakatwa. Chupa tupu za oili hujazwa upya na walaghai, na oili chafu iliyochujwa kwa kitambaa hung'aa kama mpya machoni pa asiyejua. Yako ikiisha, itoboe hiyo chupa kabla ya kuitupa.

Haya, twende uwanjani. Washa mashine dakika tano hivi ili oili ipate joto; ikiwa moto hutiririka kwa urahisi na hubeba uchafu wote, ilhali iliyopoa huganda chini na kuuacha nyuma. Kisha izime.

Halafu ng'oa waya wa plagi na uufunge mbali nayo. Hatua hii watu wengi huiruka, nami nitaisisitiza kuliko nyingine zote. Kisu cha mashine nyingi za kusukuma kimefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya injini. Ukikizungusha kisu, umeizungusha injini. Na cheche ya plagi haitoki kwenye betri, hutoka kwenye sumaku iliyo katika gurudumu la juu, ambalo pia linazunguka kwa mkono wako. Kwa hivyo mtu anaweza kuinamisha mashine iliyozimwa, akakisogeza kisu kidogo ili aondoe nyasi zilizonata, injini ikashika na vidole vikaenda. Waya ukiwa umeng'olewa, hata ukizungusha mara mia hakuna cheche. Watoto wakae mbali vilevile, na bomba la moshi usiliguse, kwani lina joto la kubabua ngozi hata baada ya injini kuzimwa.

Ikiwa mashine yako ina nati ya kutolea oili upande wa chini au ubavuni, shukuru, uifungue tu juu ya karai kuukuu. Nyingi hazina, au zinayo mahali ambapo mkono haufiki. Hizo huinamishwa na oili ikamwagwa kupitia shimo la kijiti cha kupimia. Kuna upande mmoja tu wa kuziinamishia: kabureta na kichujio cha hewa vibaki juu. Ukiinamisha upande mwingine, oili itaingia kwenye kichujio na kabureta, na kesho yake utamwita fundi ukidai kwamba mashine imekataa kuwaka baada ya kufanyiwa huduma. Tangi la petroli nalo liwe karibu tupu, la sivyo petroli itachuruzika kupitia kifuniko, na petroli kando ya bomba la moshi lenye moto ni msiba. Wengine hutandika karatasi ya nailoni chini ya kifuniko cha tangi, lakini mimi naona ni afadhali kupanga kazi hii siku petroli imekwisha.

Asiyetaka kuinamisha anaweza kununua bomba kubwa la sindano lenye mpira na kuivuta oili kutoka juu. Ni usafi, ila halimalizi uchafu wote wa chini.

Iache imwagike dakika tano, isimamishe mahali palipo sawa, ndipo utie oili mpya. Na hapa kuna mtego. Chupa inauzwa lita moja, ilhali injini inahitaji karibu nusu. Kijana aliyeambiwa "nenda ukatie oili" na akapewa chupa ya lita moja ataimimina yote kwa nia njema kabisa. Injini iliyoshiba kupita kiasi husukuma oili kupitia tundu la kupumulia, kichujio cha hewa kikalowa, moshi mweupe ukafunika mtaa mzima na majirani wakadhani nyumba inaungua. Tia robo tatu ya kiasi kilichoandikwa kitabuni, ngoja dakika moja au mbili, pima kwa kijiti, kisha ongeza kidogo kidogo hadi alama ya juu. Vijiti vingine hupimwa vikiwa vimekazwa, vingine vikiwa vimedumbukizwa tu, na tofauti hiyo ni kubwa. Angalia kitabu chako. Rudisha waya wa plagi, washa dakika moja, zima, pima tena.

Kazi yote haichukui nusu saa. Mashine nyingine za miaka hii zinauzwa kwa ahadi kwamba oili yake haibadilishwi kamwe, huongezwa tu. Huenda ahadi hiyo inamfaa Mzungu anayekata nyasi miezi mitano kwa mwaka. Kwa kibarua wa Nairobi anayetimiza saa za mwaka mzima katika mwezi mmoja, mimi nisingeiamini.

Kupima ni kwa kila siku kabla ya kuwasha, si siku ya kubadilisha peke yake. Na ukipima, nusa. Iwapo oili inanuka petroli na kiwango chake kimepanda badala ya kushuka, usifurahi ukadhani mashine imejaliwa baraka. Petroli inavuja kutoka kabureta hadi ndani ya injini na kuipunguza oili nguvu. Ibadilishe, na kabureta ionwe na fundi.

Sisi wa nyanda za juu tuna sababu zaidi ya kuwa waangalifu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, Eldoret karibu 2,100, Nyahururu 2,300. Hewa huko ni nyepesi, hivyo kabureta iliyopangiwa usawa wa bahari hutoa petroli nyingi kuliko inayoweza kuungua vizuri. Plagi hupata masizi meusi na petroli nyingine huteremka ndani ya oili. Watengenezaji hukadiria kwamba nguvu za injini hupungua kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda, ambayo kwa Nairobi ni karibu moja kwa tano. Na hiyo injini iliyopungukiwa nguvu ndiyo inayopambana na nyasi za Kikuyu, zile zenye mizizi ya kutambaa zilizotoka katika milima yetu zikasafiri hadi Australia na Marekani, ambako wakulima wamezipenda na wenye bustani wamezilaani. Zikiwa zimelowa huzunguka kisu kama kamba. Kata kwa awamu mbili, juu kwanza kisha chini, injini isilemewe.

Mteremko pia ni adui. Kumbuka oili yako imekaa kama maji ndani ya karai. Ukiisukuma mashine ubavuni mwa kilima, oili inakwenda upande mmoja na kijiko kinachota hewa, hata kama ulipima asubuhi ukaona iko sawa. Watengenezaji wengi huweka mpaka wa nyuzi 15 hivi. Kingo za barabara zenye mteremko kuliko huo zifyekwe kwa mkono.

Wakati mikono ingali michafu, toa kichujio cha hewa. Cha sponji huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kikakaushwa, kikapakwa matone ya oili safi na kukamuliwa. Cha karatasi hugongwagongwa taratibu ili vumbi litoke, na kikiwa cheusi hununuliwa kipya. Kisioshwe kwa petroli. Vumbi linalopita hapo ndilo linaloishia ndani ya oili.

Imebaki ile oili chafu iliyo ndani ya karai, na hapa familia nyingi zilizo safi hugeuka kuwa chafu. Humwagwa mtaroni. Humwagwa nyuma ya ua. Wengine hupaka nguzo za mbao ili mchwa wasile, au huimwaga uani kupunguza vumbi pale watoto wanapocheza bano. Wapo hata wanaompaka mbwa mwenye ukurutu, maskini mnyama, ambaye baadaye hujilamba. Oili iliyotumika imebeba vumbi la chuma na masizi yenye kemikali ambazo hazifai ngozi wala tumbo, na haiozi upesi ardhini. Mtaro wa Nairobi hauna kwingine unakoelekea ila mtoni, na wako watu upande wa chini wanaonyweshea sukuma wiki kwa maji hayo hayo.

Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 na kanuni za taka zinaihesabu oili chafu kuwa taka ya hatari, lakini sijasikia mtu akikamatwa kwa nusu lita. Kwa hivyo ni juu yako na kijana wako. Irudishe kwenye ile chupa uliyonunulia, ikiwa hukuitoboa bado, au katika mtungi wa plastiki wenye kifuniko cha kukaza. Usitumie chupa ya soda wala ya maji, kwani mtoto hasomi rangi. Andika OILI CHAFU kwa kalamu nene, iweke stoo mahali pa juu, na ikifika lita tatu au nne umpe kijana aipeleke gereji au kituo cha petroli chenye pipa la kukusanyia oili kuukuu. Na nauli yake pia usimkate.